Mkono wa Rede

Jumapili, 4 Aprili 1999

Nimefua raba tena. Tope la leo limegoma kutoka kwa sabuni, nimelikwangua kwa kijiko. Baba bado yuko kwa wakala wa mizigo. Raba nimezificha nyuma ya ndoo.

Sijamwambia mtu yeyote, kwa hiyo naandika hapa. Darasa la Kichina halipo. Mwalimu wetu alirudi kwao Henan kujifungua, wiki tano sasa. Alituaga vizuri, akatugawia peremende. Nilitakiwa nimwambie Baba siku ileile. Sikusema. Jumapili iliyofuata Baba akaniambia, "Mama, utachelewa darasani," nami nikavaa viatu nikatoka.

Baba huniita Mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, Saida.

Kila Jumapili nakwenda kucheza besiboli. Ni mchezo wa gongo na mpira mdogo, mgumu kama embe bichi. Wachina huuita bangqiu. Nina miaka kumi na saba. Nimemaliza kidato cha nne, nimeletwa Guangzhou kumsaidia Baba kununua vitambaa, na kila juma namdanganya mara moja bila kufungua mdomo.

Baba hapigi. Baba hunyamaza. Baba mdogo alinyamaziwa mwaka mzima kwa uwongo mdogo kuliko huu.

Jumanne, 6 Aprili

Zhongda, soko la vitambaa, kutwa nzima. Majora ya mapazia mpaka darini. Baba alibishana bei na wauzaji saba, kwa vidole na kikokotoo. Mimi nilibeba sampuli na kuandika namba. Mmoja alinisemesha, nikaangalia sakafu. Baba alihema tu. Alinileta nije niwe mdomo wake, akapata bubu.

Dukani kwa Chen Jie tuliingia mwisho. Jie ni dada mkubwa, kila mtu sokoni anamwita hivyo. Ana miaka hamsini hivi, mnene, sauti ya muadhini. Hakunikonyeza wala kunitaja. Anajua kutunza siri.

Naandika ilivyoanza, nisije nikasahau. Mwanzoni mwa mwezi wa tatu Chen Jie alikuwa ghorofani, kwenye ukumbi wa juu, funguo kazisahau chini mezani. Alielekeza kidole, akimwomba mtu ampelekee. Nilikuwa peke yangu. Ngazi zimejaa majora. Nikazitupa funguo juu kwake. Zikamwingia kiganjani bila yeye kusogeza mkono. Akazirudisha chini. Akaonyesha kwa kidole: tena. Nikatupa tena. Mara ya tano akacheka, akashuka, akanishika bega na kulibonyeza kama anayechagua papai.

Jumapili yake nilikuwa uchochoroni na timu yake ya besiboli.

Jumapili, 11 Aprili

Habari mbaya. Tulikuwa tukicheza kwenye uchochoro kati ya maghala mawili. Leo mlinzi wa soko amesema basi. Dirisha la tatu limevunjika. Kuanzia Mei hakuna mpira pale.

Kiwanja cha kweli kiko kimoja tu, nyuma ya kiwanda cha kutia rangi vitambaa. Kila Mei Mosi wanawake wa sokoni hucheza na wanawake wa kiwanda. Mshindi anakitumia Jumapili zote za mwaka. Kiwanda hakijawahi kushindwa. Sasa uchochoro umefungwa, kwa hiyo tukishindwa safari hii timu imekufa. Chen Jie alisema hivyohivyo, akapitisha mkono hewani kama anayemkata kuku shingo.

Nilirudi nimeduwaa. Pale ndipo mahali pekee katika mji huu ambapo siogopi. Nikishika mpira watu hunitazama nami sijali. Sielewi kwa nini. Sitaki pafe.

Jumatano, 14 Aprili

Mvua. Kuta zinatoka jasho, sakafu inateleza, nguo hazikauki. Baba anakohoa.

Nilikunja soksi zake jozi kumi na moja, nikatupa kwenye doa la unyevu ukutani. Kumi zilipiga doa. Moja ilipiga saa.

Jumapili, 18 Aprili

Leo nimemuumiza A Fen. Naona aibu.

A Fen ndiye mdakaji wetu. Anauza vifungo, mfupi, mbishi, magoti yenye makovu. Mimi sasa ndiye mrushaji, Chen Jie ameamua. Namrushia A Fen mpira, mpinzani anasimama katikati yetu na gongo. Akikosa mara tatu ametoka. Akiupiga, anakimbia kuzunguka vituo vitatu mpaka arudi alipoanzia, nyumbani. Hiyo ni pointi moja. Wakitoka watatu, zamu yao imekwisha. Kurusha najua. Shida ni wakimbiaji.

Mkimbiaji akiwa kati ya vituo, kazi yangu ni kumgusa kwa mpira ulio mkononi, au kumrushia mwenzangu aliye mbele yake amguse yeye. Leo A Fen alijifanya mkimbiaji. Nilimwona mtu katikati, anakimbia, nami nina mpira. Nikamlenga mgongoni. Alianguka kifudifudi.

Wote wakanijia juu. Nilishindwa kueleza. Ningewaambiaje rede? Uwanjani nyuma ya shule yetu Magomeni, wasichana wawili ncha mbili, mmoja kati anajaza chupa mchanga huku akikwepa mpira wa soksi. Ukimpiga, amekufa, anatoka. Nimecheza hivyo kila mapumziko tangu darasa la kwanza. Kichwa changu kinajua huu ni mchezo mwingine. Mkono hausikii.

Chen Jie alichora mavumbini. Ukimpiga mkimbiaji, mpira unaruka mbali, yeye anaendelea kukimbia. Unampa pointi kwa mkono wako. Alichora mara tatu. Nikaitikia mara tatu.

Kisha akatununulia uji wa mchele, akatusimulia habari ya babu yake. A Fen alinirudia maneno polepole kwa Kichina chepesi, kama anayemlisha mtoto. Babu alivuka kwenda Marekani mwanzoni mwa karne hii kufua nguo za watu. Siku moja akanunua tiketi ya mechi ya wachezaji wa kulipwa. Mrushaji mmoja alikosea, akawapa wapinzani pointi. Uwanja mzima ukamzomea. Akavua kofia, akaikung'uta mara tatu, akaivaa, akarusha mpira uliofuata kana kwamba ndiyo kwanza kumekucha. Hakupita mtu tena mpaka mwisho. Babu hakukumbuka jina la mrushaji wala la timu. Alikumbuka kofia tu. Alipozeeka alirudi kijijini kwao akawafundisha wanawe mchezo ule, na wanawe wakamfundisha Chen Jie.

Nilielewa karibu yote. Nimeshtuka nilipogundua hilo.

Alhamisi, 22 Aprili

Nimekamatwa. Si na Baba. Na Maman Clarisse.

Ni mfanyabiashara wa Lubumbashi, amepanga chumba cha jirani hapa mtaani Xiaobei. Anauza wigi na anaimba kwaya peke yake asubuhi. Alinikuta nafua raba bafuni.

"Saida, weye. Ile école yako ya Kichina wanafundishia mu potopoto?"

Akaketi juu ya ndoo, akanitazama mpaka nikamweleza yote. Nilidhani atanihubiria. Alicheka hadi akashika ukuta.

"Mi sitasema kitu. Lakini siku ya match utaniita, hein? Nitakuja na mwavuli."

Sikulala vizuri. Siri ikishajulikana na watu wawili ina miguu minne.

Jumapili, 25 Aprili

Jezi zimefika. Chen Jie ameshona mwenyewe, kitambaa cha mapazia kilichobaki, maua madogo ya zambarau. Yangu ina mikono mirefu na inafika magotini. Sikumwomba. Alipima kwa macho. Nilikwenda kulia nyuma ya ghala, dakika moja tu.

Wanawake watatu wa kiwanda walipita kutupeleleza. Mmoja wao, mrefu, mpigaji wao bora, akasema tunafanana na madirisha. Akauliza kama wafunge au wafungue. A Fen akamjibu maneno ambayo mwalimu wangu wa Henan hakutufundisha.

Leo sikumpiga mkimbiaji hata mmoja. Mara mbili mkono ulianza, nikaukataza.

Jumanne, 27 Aprili

Dukani, muuzaji alimwambia Baba kitambaa kitafika baada ya siku kumi. Baba hakuelewa. Nikasema, "Anasema siku kumi, mvua imechelewesha lori." Ilinitoka tu. Kisha nikamgeukia muuzaji, nikamwambia kwa Kichina siku kumi ni nyingi, saba. Akakubali nane.

Baba alinitazama barabara nzima. Alivyofurahi! Akasema lazima amtumie mwalimu wangu zawadi, jora zima la kitambaa, kwani amefanya kazi kubwa. Nikajisikia mchafu kama raba zangu.

Kisha akasema jambo jingine, kwa sauti ya kawaida kabisa. Laoban, yaani bosi, wa kiwanda cha kutia rangi amemwalika Mei Mosi. Wateja wakubwa wataketi chini ya turubai, watakunywa chai, kuna mchezo wa wafanyakazi. "Mchezo wa fimbo," alisema. "Adabu tu. Nitapiga makofi nirudi."

Nimeketi juu ya kitanda.

Ijumaa, 30 Aprili

Asubuhi nilitaka kumwambia. Alikuwa anakunywa chai. Nikasema, "Baba." Akasema, "Naam, Mama." Nikasema, "Sukari imekwisha." Haikuwa imekwisha.

Nisipocheza, timu haina mrushaji. Nikicheza, ananiona. Nimepiga hesabu hii tangu Jumanne na jibu ni lilelile.

Nacheza.

Jumamosi, 1 Mei

Naandika yote kabla hayajapoa. Mkono unauma hadi shingoni.

Baba aliondoka kwanza, shati jeupe, kofia ya sherehe. Aliniambia nipumzike. Nikampa dakika kumi, nikatoka na Maman Clarisse na mwavuli wake mwekundu.

Kiwanja ni kikubwa kuliko nilivyodhani. Mtaro wa maji ya rangi unapita pembeni, leo ulikuwa wa bluu. Upande wa kiwanda, turubai, viti, birika. Baba alikuwa katikati, kulia kwa laoban Liang mwenye kiwanda. Upande wetu, matofali na watu wa sokoni wamesimama. Nilishusha kofia juu ya mtandio mpaka kwenye nyusi. A Fen akanipiga kofi la mgongo.

Zamu saba, tulikubaliana. Kiwanda kilianza kupiga.

Mpira wa kwanza ulikwenda mahali nilipoutaka. Wa pili pia. Hofu ikakatika kama uzi. Nilimwona A Fen na glavu yake tu. Zamu tano, hakuna aliyefika nyumbani, wao wala sisi. Yule mrefu alikosa mara tatu, akalitupa gongo chini. Watu wa sokoni wakaanza kuimba "madirisha, madirisha", wamelichukua tusi wakalivaa.

Zamu ya sita nikaharibu. Wao walikuwa na mtu kwenye kituo cha tatu. Mpigaji akagusa mpira kidogo, ukabingirika kwangu. Yule wa kituo cha tatu akachomoka kwenda nyumbani. A Fen alikuwa ananiitia mpira kwa sauti yote. Nami nikamwona mtu anakimbia, mgongo wazi, hatua kumi.

Nikampiga. Katikati kabisa ya mgongo. Sijawahi kulenga vizuri vile.

Mpira ukaruka ukaingia mtaroni. Mkimbiaji akapiga yowe, akaendelea kukimbia, akafika. Kiwanda moja, soko sifuri. Kelele za kiwanda zikapanda. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo nikasikia Kiswahili. Chini ya turubai, mtu mmoja amesimama, makofi juu ya kichwa, kofia imemwanguka.

"Kafa huyo! Kafa! Toka nje!"

Baba. Baba yangu, ambaye hapandishi sauti hata akiibiwa. Alikuwa amesahau alipo. Laoban Liang, akiona mgeni wake anashangilia, naye akasimama akapiga makofi, akamshika mkono kwa furaha. Alidhani Baba anaifurahia pointi ya kiwanda. Uwanja mzima ulidhani hivyo. Aliyeelewa ni mimi, na Maman Clarisse, aliyekuwa amekaa chini anacheka ndani ya mwavuli.

Kisha Baba akanitazama. Alinitambua. Niliona mikono yake ikishuka taratibu. Nadhani aliujua mtupo kabla hajanijua mimi.

Aliketi.

Nilisimama pale na mpira umelowa bluu. Nikamkumbuka mrushaji wa babu. Nikavua kofia. Nikaikung'uta mara tatu. Nikakaza mtandio, nikaivaa. Nikarusha. Waliobaki wote walitoka bila kugusa kitu.

Ikawa zamu yetu ya kupiga. A Fen alifika kituo cha pili kwa ubishi tu. Mimi nilikosa mara tatu, kupiga sijui. Kisha Chen Jie, magoti yake mabovu na yote, akaupiga mpira ukapita juu ya mtaro mpaka kwenye marundo ya makaa. Walipoupata, A Fen alikuwa amefika nyumbani, na Chen Jie alikuwa anakuja nyuma yake anapumua kama treni. Mbili kwa moja.

Zamu ya mwisho ya kiwanda. Wawili nikawatoa. Kisha yule mrefu akaupiga mpira wangu vizuri, akafika kituo cha tatu. Alibaki mmoja tu wa kutoa. Mpigaji aliyefuata akakosa mpira, lakini yule mrefu alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea nyumbani. Alipomwona A Fen ana mpira mkononi, akageuka. Mlinzi wetu wa kituo cha tatu alikuwa ameteleza topeni, nikakimbia kushika nafasi yake. A Fen akanirushia.

Yule mrefu akabaki kati. A Fen huku, mimi huku. Ncha mbili na mtu mmoja katikati. Ilikosekana chupa ya mchanga tu.

Nikasikia tena sauti chini ya turubai.

"Mpige, Mama! Mpige!"

Mkono ulishapanda. Nilikuwa nauona mgongo wake tu. Kichwa kilikuwa kimejaa Magomeni. Sijawahi kumkatalia Baba jambo, mbele ya watu wala faraghani.

Nikamkatalia. Nikaupitisha mpira pembeni ya sikio la yule mrefu, ukamwingia A Fen. Yule mrefu akageuka kwangu. A Fen akanirudishia. Nikaushika kwa mikono miwili, nikakimbia kwa nguvu zote, nikamgusa kiunoni. Taratibu kabisa. Kama unavyomgusa mtu kumuuliza njia.

Mwamuzi akanyoosha ngumi. Kwisha.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nilikuwa chini, watu juu yangu, jezi za mapazia pande zote. Chen Jie analia kwa sauti. Kiwanja ni chetu. Jumapili zote.

Nilipoinuka, Baba alikuwa mbele yangu na laoban Liang kando yake. Laoban aliuliza jambo kwa haraka. Watu kama hamsini walikuwa wakitusikiliza. Baba akanitazama.

"Anasemaje?"

"Anauliza kama unanifahamu."

"Basi mjibu."

Nikasema kwa Kichina, kwa sauti, bila kutazama ardhi, "Mimi ni binti yake."

Laoban alifungua mdomo, akaufunga, kisha akacheka hadi machozi. Akasema mwaka ujao Baba ataketi kwenye matofali.

Ndani ya basi, njia nzima, Baba hakusema neno. Naye Maman Clarisse hakusema neno, jambo ambalo ni kubwa zaidi. Sasa Baba yuko chumbani kwake. Mlango umefungwa. Tumeshinda, na sijui kama nina baba.

Jumapili, 2 Mei

Asubuhi tulivu. Mvua nyembamba.

Nilikuta chai imeshachemka na raba zangu ziko mezani juu ya gazeti. Zimefuliwa. Nyeupe hata kwenye mishono.

Baba alisema, "Umenidanganya kwa mdomo uliofumbwa. Hilo ni baya zaidi, kwa sababu nilikuwa nauamini ukimya wako." Nikaomba radhi. Niliomba kweli, si kwa hofu. Akanyamaza kidogo. Nikahesabu. Mwaka wa baba mdogo haukufika. Ukimya wake ulikuwa wa mkate mmoja na nusu kikombe cha chai.

Kisha akauliza kwa nini sikumpiga yule mrefu, alikuwa wazi kabisa. Nikamweleza sheria. Akaweka kikombe chini.

"Unampiga mtu, halafu yeye ndiye anapata pointi?"

"Ndiyo, Baba."

"Mchezo wa kihuni huo."

Akasema Jumapili nitaendelea kwenda, kwa kuwa Kichina kinaonekana kinafundishwa hukohuko. Jora la zawadi atampa Chen Jie. Akachagua mwenyewe rangi, ya zambarau.

Nikathubutu. Nikamuuliza amejuaje kelele za rede, mchezo wa wasichana. Alitazama mlango kwanza. Alikuwa na dada wanne na hakuwa na kaka wa rika lake. Mpaka alipofika darasa la sita alicheza nao kila jioni nyuma ya nyumba, na alikuwa anaijaza chupa mpaka shingoni bila kuguswa. Dada zake walikuwa wakimwita wa kwanza wanapochagua timu. Wavulana wenzake hawakujua. Hata mama yangu hajui hadi leo. Alinionyesha alivyokuwa anakwepa, hapo hapo kati ya meza na kitanda, tumbo lake na yote, mikono juu. Anakwepa vizuri sana.

Akaniapisha nisimwambie mtu, hasa Maman Clarisse.

Sijamwambia. Nimekuandikia wewe tu, daftari langu. Langu limeshajulikana na uwanja mzima, usihangaike nalo. Hili la Baba lifunike. Usimwambie mtu.